Miligrama za Nini? Tusome Boksi Kabla ya Kuhesabu Kinini



Siku moja mama mmoja, bibi ya mchimbaji, alikuja dirishani pa dispanseri akiwa na mimba ya miezi sita. Nilimpa dawa ya kuongeza damu. Akahesabu kinini mkononi, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mstari mzima: «Munganga, mwezi uliopita ulinipa kimoja kwa siku. Leo unasema viwili. Ao ile ya kwanza ilikuwa ya uongo, ao hii ya leo mmepunguza nguvu. Niambie ukweli.»

Watu wakanyamaza. Wengi walikuwa na swali lile lile, lakini yeye peke yake alikuwa na moyo wa kuliuliza.

Sikumkasirikia. Nilichukua boksi mbili nikaziweka mbele yake. Ya mwezi uliopita iliandikwa sulfati ya chuma, miligrama 200. Ya leo iliandikwa glukonati ya chuma, miligrama 300. Mama akasoma vizuri, akazidi kushangaa: «Munganga, 300 inapita 200! Kama hii ya leo ni kubwa, ingefaa unipe nusu. Mbona viwili?»

Swali lake ndilo nitakalojibu katika ukurasa wetu wa afya na usalama. Nimeona watu wenye akili nzuri wakiumia kwa sababu ya namba iliyo kwenye boksi. Namba yenyewe ilikuwa ya kweli, ila hawakuuliza ni uzito wa kitu gani.

WAGONI NA MAKAA

Wazee waliopakia makaa ya mawe hapa Luena wanalijua jambo hili kuliko mimi. Wagoni ikipanda juu ya mizani, mizani inapima vyote pamoja: makaa, na chuma cha wagoni yenyewe. Ili kujua kuna tani ngapi za makaa, lazima kwanza uondoe uzito wa wagoni tupu. Wagoni mbili zinaweza kuonyesha namba moja, na hata hivyo makaa yake si sawa. Ile yenye chuma kizito imebeba makaa machache.

Dawa nyingi ni vile vile. Dawa yenyewe, ile inayopigana na ugonjwa, mara nyingi haiyeyuki vizuri katika maji, ao inaharibika upesi. Basi watengenezaji wanaiunganisha na kitu kingine ili iweze kusafiri, kukaa ndani ya boksi, na kuyeyuka tumboni ao ndani ya sindano. Muungano huo wanauita chumvi. Si chumvi ya mboga. Ni jina la wakemia tu. Sulfati, kloridrati, fosfati, glukonati, sodiumu, potasiumu: hayo ni majina ya wagoni. Makaa ni dawa yenyewe, ambayo boksi zetu za Kifaransa zinaiita «base». Kwa dawa ya damu wanaandika «fer élémentaire», maana yake chuma peke yake.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kinini cha sulfati ya chuma cha miligrama 200, kile kilichokaushwa, kina chuma chenyewe miligrama 65. Kinini cha glukonati cha miligrama 300 kina chuma miligrama 35 tu. Viwili vinafanya 70. Shirika la Afya Duniani linasema mama mwenye mimba apate miligrama 30 mpaka 60 za chuma chenyewe kila siku, pamoja na asidi foliki. Kwa glukonati, kimoja cha 35 kingetosha kwa shida sana, na mama huyu alikuwa na damu pungufu. Viwili vilimpa karibu kile alichokuwa akipata mwezi uliopita.

Alipoelewa alicheka, akawageukia wenzake: «Kumbe ni wagoni tu iliyobadilika!» Alikwenda nyumbani na dawa yake, na aliinywa. Kama ningemjibu kwa hasira, angeitupa nyuma ya nyumba, na siku ya kuzaa angekuja na damu kidogo.

KININI CHENYEWE

Hapa kwetu kila kidonge tunakiita kinini, hata kama ni cha kichwa ao cha tumbo. Jina hilo lilitoka kwa dawa moja, ile dawa chungu ya malaria inayotoka katika magome ya mti. Mwaka 1820, huko Paris, wakemia wawili, Pelletier na Caventou, walitoa dawa yenyewe ndani ya magome. Katika nchi yetu miti hiyo ililimwa Kivu, na kiwanda cha Pharmakina huko Bukavu kilijulikana mbali kwa kutengeneza kinini kutoka magome yake.

Dawa ya zamani kama hii imepakiwa katika wagoni nyingi. Ukitaka kupata miligrama 100 za kinini chenyewe, unahitaji miligrama 121 za sulfati, ao 122 za dikloridrati, ao 169 za bisulfati. Angalia tena namba hiyo ya mwisho. Bisulfati ni wagoni nzito sana.

Tufanye hesabu pamoja. Karatasi inasema: mtu mzima anywe miligrama 600, mara tatu kwa siku, siku saba. Akinywa vinini viwili vya 300 vya sulfati, anapata karibu miligrama 496 za dawa yenyewe. Akinywa viwili vya 300 vya bisulfati, anapata 355 tu. Kila mara anapungukiwa na miligrama 140 hivi. Mwisho wa siku saba, ni sawasawa na mtu aliyekunywa siku tano na kuacha siku mbili. Na yeye anaapa mbele yako kwamba hakuacha hata kimoja, na anasema kweli.

Niliwahi kumpokea baba wa namna hiyo. Alikuwa ametoka safari ndefu. Dawa aliyoandikiwa ilikwisha njiani, akanunua ingine sokoni, namba ile ile, 300, akaendelea kuhesabu viwili viwili. Juma mbili baadaye homa ilirudi, na alifika kwetu akibebwa kwenye kinga. Alikuwa ametunza boksi mfukoni. Boksi ya pili ilikuwa ya bisulfati. Siwezi kuapa kwamba ni boksi ile peke yake iliyorudisha homa. Malaria ina njia nyingi za kurudi, hata mbu mpya anatosha. Lakini upungufu ulikuwapo, na hakuna aliyemwambia.

Kosa linaweza pia kwenda upande mwingine, na hapo ni sisi watu wa hospitali tunaolifanya. Vitabu vingine, hasa vya desturi ya Kifaransa, vinahesabu kinini kwa dawa yenyewe: karibu miligrama 8 kwa kila kilo ya mgonjwa. Vitabu vya Shirika la Afya Duniani vinahesabu kwa chumvi: miligrama 10 kwa kila kilo. Ni kipimo kile kile, kimeandikwa kwa namna mbili. Munganga akichukua 10 ya kitabu kimoja na kuihesabu kama dawa yenyewe, mtoto anapewa zaidi ya miligrama 12 za chumvi kwa kila kilo. Kinini haina nafasi kubwa kati ya kuponya na kudhuru. Ikizidi, masikio yanavuma, macho yanapoteza nguvu, moyo unachafuka. Na hata kwa kipimo cha kawaida inaweza kushusha sukari ya damu, zaidi kwa watoto na mama wenye mimba, basi kosa lolote linaongeza hatari hiyo.

Siku hizi kinini si dawa ya kwanza ya malaria tena. Tangu mwaka 2005 nchi yetu ilichagua dawa za kuchanganya, artesunate pamoja na amodiakini. Lakini kinini bado inauzwa sokoni, na bado iko ndani ya masanduku ya nyumba nyingi. Kwa hiyo nasema: usijitibu malaria kwa kinini ya sanduku. Njoo upimwe.

MAUMIVU YA MGONGO

Wafanyakazi wa koleo na wa kusukuma wanaijua diklofenaki kuliko jina la kapita wao. Kuna diklofenaki ya sodiumu, inayoandikwa «diclofénac sodique», na diklofenaki ya potasiumu, «diclofénac potassique». Ile ya sodiumu mara nyingi imevikwa ngozi isiyoyeyuka tumboni; inapita mpaka kwenye utumbo, ndipo inafunguka. Kwa hiyo inachelewa kutuliza, na kinini chake hakitafunwi wala hakipondwi. Ile ya potasiumu inayeyuka upesi, na maumivu yanapungua mapema.

Hapa wagoni mbili zina uzito karibu sawa. Hatari yake ni kwamba makaa ndani ni yale yale, na watu wanadhani ni dawa mbili.

Mfanyakazi mmoja wa zamu ya usiku alipewa ile ya sodiumu, kinini cha 50 mara tatu kwa siku. Ndugu yake akamletea boksi nzuri kutoka Lubumbashi, yenye jina lingine kabisa la kiwanda. Ilikuwa ya potasiumu, nayo ya 50. Ile ya kwanza ikichelewa kutuliza, alikunywa ya pili. Kwa siku moja alifikisha miligrama 300, wakati mtu mzima hapaswi kupita 150. Baada ya juma moja alikuja na kizunguzungu, midomo myeupe, na haja yake kubwa ilikuwa nyeusi kama lami. Tumbo lilikuwa linatoka damu ndani. Alipelekwa hospitali kubwa, na Mungu alimsaidia, alirudi kazini.

Sehemu ya kosa lile ni yangu, na sitaficha. Nilipomwandikia karatasi nilikuwa na watu wengi dirishani. Niliandika: «dawa ya mgongo, 50, mara 3». Sikuandika jina. Angewezaje kujua kwamba boksi ya ndugu yake ilikuwa dawa ile ile? Tangu siku ile siandiki tena «dawa ya mgongo».

Na kwa sababu mnatoka jasho jingi kazini: dawa hizi zinachosha figo za mtu asiyekunywa maji. Usizinywe bila kula, na usizinywe kwa siku nyingi bila kuonwa.

KATIKA SINDANO, CHUMVI INAAMURU NJIA

Katika kinini, chumvi inabadilisha hesabu. Katika sindano, chumvi inaamuru hata mahali pa kuchoma.

Chukueni penisilini. Ile ya sodiumu ao ya potasiumu inayeyuka katika maji mpaka inakuwa safi; inaweza kuingia mshipani, lakini mwili unaitoa upesi, basi mgonjwa anachomwa kila saa nne ao sita. Ile ya prokaini inakaa ndani ya nyama na kutoka polepole kwa siku nzima. Ile ya benzatini ni nyeupe kama maziwa, inatoka kidogo kidogo kwa majuma. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na koo anachomwa mara moja kila majuma matatu ao manne. Prokaini na benzatini ni za nyama tu. Zikiingia mshipani zinaweza kusimamisha moyo. Zote tatu zinaitwa penisilini, zote zinahesabiwa kwa milioni. Mtu anayekuja na kichupa akisema «ni penisilini tu, nichome», hajui anachoomba. Na mtu anayekubali kumchoma nyumbani hajui anachofanya.

Sindano ya kinini nayo: sulfati haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo ni ya vidonge, dikloridrati inayeyuka vizuri, kwa hiyo ndiyo ya ampuli. Lakini maji yake ni makali kama ndimu kali. Haisukumwi mshipani kwa haraka hata siku moja. Inaongezwa maji ya sukari na kushuka tone kwa tone. Ikichomwa katika nyama, inapunguzwa makali kwanza na kuchomwa pajani, hapana takoni. Katika Afrika kuna watu wanaovuta mguu mmoja tangu utoto kwa sababu ya sindano iliyogusa mshipa mkubwa wa fahamu takoni.

Mwisho ni artesunate, dawa ya malaria kali. Mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi mkubwa yalitangazwa. Watoto 5425 wa nchi 9 za Afrika, pamoja na watoto wa Kongo yetu, walitibiwa wengine kwa kinini na wengine kwa artesunate. Katika watoto 1000 waliopewa kinini, walikufa 109. Katika 1000 waliopewa artesunate, walikufa 85. Ndiyo maana leo sindano hii inatangulia.

Lakini artesunate ina tabia yake. Haidumu ndani ya maji. Kwa hiyo inakuja ikiwa unga mkavu, na ampuli ndogo ya bikarbonati ya sodiumu kando yake. Munganga anachanganya hivyo viwili mbele ya kitanda, na pale pale chumvi ya sodiumu inazaliwa ndani ya kichupa. Kisha anaongeza maji ya chumvi ao ya sukari, hapana maji matupu ya sindano, na dawa lazima itumiwe ndani ya saa moja. Inayobaki inatupwa.

Baba wengine wananikasirikia wakiona natupa nusu ya kichupa: «Mali ya kampuni! Mtunzie mtoto ya kesho!» Ndugu, najua bei yake. Lakini ile ya kesho itakuwa maji yasiyo na nguvu, na mtoto wa malaria kali hana siku ya kupoteza.

MVUA NA JUA

Chumvi zingine zinapenda maji kupita kiasi. Dawa ya kuua vijidudu ya amoksisilini iliyounganishwa na klavulanati ya potasiumu ni mfano mzuri. Klavulanati inakunywa unyevu wa hewa na kuharibika upesi. Ndiyo maana kila kinini kimefungwa katika karatasi yake ya kung'aa. Wakati wa mvua, ukivitoa vyote na kuvitia katika kichupa cha plastiki ili visichukue nafasi, umeharibu dawa kwa mkono wako. Toa kimoja wakati wa kukinywa. Na ile ya maji ya watoto, ikisha kuchanganywa, inakaa mahali pa baridi na haipiti siku saba.

Vinini vya chuma navyo vikipata maji vinabadilika rangi. Usiviweke karibu na mbabula wala dirishani pa jua. Na sikieni vizuri, mama: rangi yake na sukari ya juu vinawavuta watoto. Mtoto mdogo akimeza vinini vingi vya chuma anaweza kufa. Viweke juu, ndani ya sanduku lenye kufuli.

SI KILA WAGONI NI YA KUOGOPA

Nisiwatie hofu bure. Kwa dawa nyingi watengenezaji wamekwisha kutufanyia hesabu. Wagonjwa wa tansio wanaokunywa amlodipini ya 5 wanaona kwenye boksi «sous forme de bésilate». Maana yake: 5 ni ya dawa yenyewe, wagoni imekwisha kuondolewa. Boksi ya kiwanda kingine ikija na 5 kwa namna hiyo hiyo, kipimo hakibadiliki.

Amodiakini pia. Zamani kinini kiliandikwa 200 za kloridrati, ambazo ni 153 tu za dawa yenyewe. Leo kinini cha kuchanganya cha mtu mzima kinaandikwa artesunate 100 na amodiakini 270, na hiyo 270 ni dawa yenyewe. Hakuna anayepaswa kuondoa kitu kichwani. Ndivyo ingefaa boksi zote ziandikwe.

Kwa hiyo tafuteni maneno haya kwenye boksi: «base», «sous forme de», «équivalent à». Mkiona neno moja kati ya hayo, someni namba iliyo pamoja nalo. Msipoyaona, ulizeni.

MAONI YANGU

Wenzangu wengine wanasema mambo haya si ya kuwaambia wafanyakazi. Wanasema watu watachanganyikiwa, munganga ajue, mgonjwa anywe. Mimi sikubali.

Mtu anayesoma maandiko ya sanduku la baruti kabla ya kuligusa, anayetazama mshale wa mashine na kujua lini aisimamishe, hawezi kushindwa kuelewa wagoni na makaa. Mama anayepima unga wa bukari ya watoto saba bila mizani hawezi kushindwa kujua kwamba viwili vya aina hii ni sawa na kimoja cha aina ile. Watu wanachanganyikiwa tunaponyamaza. Mtu tusiyemwambia kitu anajaza nafasi kwa fikira zake: munganga ameniibia, dawa ni ya uongo, ya sokoni ni bora. Kisha anaacha.

Basi naomba mambo matatu.

La kwanza, kwetu sisi wa dispanseri. Kila karatasi iwe na jina la dawa, jina la chumvi yake, na miligrama za nini: za chumvi ao za dawa yenyewe. Ni maneno matatu tu. Mstari ukiwa mrefu, maneno matatu yanachukua muda mdogo kuliko kumbeba mgonjwa kwenye kinga.

La pili, kwa wakubwa wetu wanaoagiza dawa. Ikiwezekana, dawa moja inunuliwe kwa chumvi moja mwaka mzima. Najua kwamba bei na safari za gari la moshi hazitupi nafasi kila mara. Ikibidi kubadilisha, tuambiwe kabla boksi ya kwanza haijafunguliwa, karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani pa dispanseri, na jambo lisemwe katika mkutano wa usalama kabla ya zamu. Tunatangaza kila badiliko la baruti. Tutangaze na la dawa.

La tatu, kwenu nyumbani. Usitupe boksi mpaka dawa iishe. Ukienda safari, beba boksi yenyewe, hapana vinini vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Ukinunua ingine njiani, usiendeleze hesabu ya zamani: onyesha boksi zote mbili kwa mtu wa kazi hii kabla ya kunywa. Ukiletewa dawa na ndugu, tazama jina dogo lililo chini ya jina kubwa la kiwanda. Na dirishani kwetu, ukiona idadi imebadilika, uliza kwa sauti kama yule mama. Anayekukaripia kwa sababu umeuliza, yeye ndiye mwenye kosa.

Yule mama alizaa vizuri. Alipokuja kupimisha mtoto, alikuta boksi mpya tena mezani. Kabla sijafungua mdomo, aliichukua, akaigeuza, akatafuta maandishi madogo kwa kidole, akaniuliza: «Munganga, hii ni miligrama za nini?»

Ningefurahi kuulizwa hivyo na kila mtu wa kambi hii. Kuuliza si kumtukana munganga. Kuuliza ni kazi ya usalama, kama kuvaa kofia kabla ya kuingia shimoni.

Afya njema kwenu nyote.

Munganga msaidizi wa dispanseri, Luena